Bi Kidude: umaarufu uliokuja na mvi

Oktoba 2005, kwenye maonyesho ya WOMEX, mkutano mkubwa wa wafanyabiashara wa muziki wa dunia uliofanyika mwaka huo Newcastle na Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, tuzo ilikwenda kwa bibi mmoja mwembamba kutoka Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe wa Unguja. Fatuma binti Baraka, ambaye sote tunamjua kwa jina la Bi Kidude, alikuwa ameshaimba kwa zaidi ya miaka 60. Albamu iliyobeba jina lake na kumfikisha kwenye maduka ya Ulaya ilikuwa na miaka 7 tu tangu itoke.

Hesabu hizo mbili haziendani, na kutoendana kwake ndiko kisa chenyewe. Magazeti ya nje yalizoea kukieleza kwa mkato: bibi kizee aliyesahauliwa, akagunduliwa, akang'ara. Nimekisoma kisa hiki kwa namna hiyo mara nyingi, na kila mara najiuliza: aliyemsahau ni nani hasa? Harusi za Ng'ambo hazikumsahau. Akina mama waliokuwa na binti wa kuchezwa unyago hawakumsahau. Aliyekuwa hamjui ni mwenye tiketi, mwenye studio na mwenye jukwaa la nje, na hao ndio walioandika kwamba amefufuka.

Tuanze na umri, maana utatufuata mpaka mwisho. Alizaliwa Mfagimaringo, Unguja, baba yake akiuza nazi. Cheti hakikuwepo. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba alizaliwa zama za rupia. Rupia iliondoka Zanzibar mwaka 1936, ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kauli hiyo inatuambia tu kwamba hakuzaliwa baada ya hapo. Wengi waliuweka uzazi wake kwenye miaka ya 1910, wengine wakausogeza mbele kidogo. Kadiri jina lilivyokua ndivyo na miaka ilivyozidi kupanda, hadi kwenye mabango ya matamasha ikawa "zaidi ya 100" bila mtu kuhoji.

Utotoni mwake, sauti iliyotawala Unguja ilikuwa ya Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaingia mjini mwaka 1911 na baadaye akawa mwimbaji ambaye hata wakubwa walimwalika majumbani mwao. Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri, na taarab ya Kiswahili ikaanza kusikika kwenye gramafoni kuanzia pwani mpaka bara. Bi Kidude alisimulia kuwa alikuwa akijibanza kusikiliza Siti anapoimba. Baadaye watu wa matamasha walimfanya "mwanafunzi wa Siti", kana kwamba palikuwa na darasa na ubao. Nadhani ukweli ni mwepesi kuliko huo na una nguvu zaidi: mtoto mwenye sikio kali alisimama karibu na mlango, nyimbo zikamwingia, na hazikutoka tena. Mpaka uzeeni aliimba "Kijiti", wimbo wa Siti kuhusu mauaji ya mwanamke mgeni mjini, kesi iliyoishia kwa mashahidi kutupwa jela. Ukimsikiliza Bi Kidude akiimba wimbo ule, husikii bibi anayekumbuka mambo ya kale. Unasikia mtu anayesuta mahakama.

Akiwa na miaka 13 hivi alikimbia ndoa ya kulazimishwa, akavuka bahari kwenda bara. Alizunguka Tanganyika, inasimuliwa pekupeku, akiimba alikopita. Miaka ya 1930 alikuwa Dar es Salaam, akiimba na kikundi cha taarab cha Kimisri. Miaka ya 1940 akarudi Unguja, akapata kijumba cha udongo Ng'ambo. Hapo, kwa mwimbaji yeyote mwenye kipaji kama kile, ndipo kazi ingeanza kushika kasi. Kwake ndipo ilipopotea machoni pa watu wa kumbukumbu kwa miaka karibu 40.

Kwa nini? Jibu langu la kwanza ni vilabu. Taarab ya Unguja iliyopewa heshima ni ya klabu. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958. Klabu ilikuwa na fidla, kanuni, udi, nai na akodiani, vitu ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuvinunua. Ilikuwa na nyumba ya kufanyia mazoezi, ilikuwa na watunzi wa mashairi na wa sauti, na redio ilipotaka kurekodi ilikwenda klabuni. Mwimbaji alikuja akapewa wimbo wake, akaujifunza, akausimamia. Bi Kidude aliimba na wengi lakini hakuwa wa kukaa kwenye safu na kungoja zamu yake. Alivuta sigara hadharani, alikunywa, alitembea peke yake, na ulimi wake haukuwa na breki. Mjini kwetu mtu wa namna hiyo hupendwa kwenye ngoma, lakini hapewi uongozi wa klabu.

Jibu la pili ni bahati mbaya ya wakati. Wimbi lile la santuri lililompeleka Siti Bombay halikudumu. Ukaja mdororo wa uchumi wa dunia, kisha vita kuu ya pili. Siti alifariki mwaka 1950 akiwa ameacha sauti yake kwenye sahani nyeusi. Bi Kidude alifika kwenye ubora wake wakati ambao kampuni hazikuwa tena zikimtafuta mwimbaji wa aina ile. Sauti yake ambayo dunia inaijua ni ya uzeeni, yenye mikwaruzo na moshi. Hasara hii ni kubwa kuliko ya fedha, na hakuna tuzo inayoweza kuirudisha.

Mapinduzi ya Januari 1964 nayo yalibadili mambo. Sanaa ikaingia chini ya uangalizi wa chama na serikali, vikundi vikawa na kazi ya kusherehesha taifa, na anayesimama peke yake bila kikundi akazidi kukosa pa kushika.

Hata hivyo hakunyamaza. Hapa ndipo wasimulizi wengi huruka, wanasema "aliishi maisha ya kawaida", kisha wanakimbilia miaka ya 1980. Alikuwa kungwi, mwalimu wa wari. Alikuwa na kikundi cha unyago, alipaka hina na kuuza wanja, alitengeneza dawa za miti. Hizi zilikuwa kazi zenye wateja, zenye heshima yake kwa wanawake, na zote zilimlisha.

Unyago wa Unguja uliletwa na watu wa bara, wengi wao wakiwa wametolewa makwao kama watumwa: Wayao, Wanyasa, Wamakonde na wengineo. Ni ngoma ya wanawake pekee. Mwari anafundishwa na somo wake mambo ya mwili, ya unyumba, ya usafi, ya kuishi na mume na ya kumkabili mume akizidisha. Mafunzo yanakwenda kwa nyimbo, na nyimbo zenyewe hazina haya: zinataja kila kitu kwa jina lake, au kwa mafumbo ambayo kila aliyekaa pale anayajua. Bi Kidude alipiga msondo, ngoma ndefu ya kusimama. Aliifunga kiunoni kwa kanga, ikasimama mbele yake, akaipiga kwa viganja vyote viwili huku kiuno chake kikifuata mdundo na sauti ikipanda juu ya ngoma zote. Hapakuwa na kipaza sauti. Wanawake kwa makumi walikuwa wakiitikia, wakipiga vigelegele, na kiongozi alitakiwa asikike juu yao kwa saa nyingi, mara nyingine mpaka alfajiri.

Mwimbaji wa klabu ya taarab alisimama wima, mikono chini, akaimba wimbo mmoja au miwili kwa usiku, akakaa. Bi Kidude alikuwa akiimba usiku kucha huku anapiga ngoma na kucheza, na alifanya hivyo kwa miongo. Ndiyo maana alipopandishwa jukwaani Ulaya akiwa na umri ambao wenzake wameshakaa barazani, mapafu yalikuwepo. Watu walisema ni muujiza. Mimi naona ni mazoezi. Waliomwita msanii aliyepotea hawakuuhesabu unyago kuwa muziki, basi. Ulikuwa wa wanawake, wa faragha, wa watu wa Ng'ambo, na haukuwa na fidla.

Kufika katikati ya miaka ya 1980 Zanzibar ilikuwa taabani. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka na serikali ikaanza kulegeza biashara na kufungua milango kwa watalii. Wakati huohuo London na Paris palikuwa na soko jipya la kile walichokiita muziki wa dunia. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mfululizo wa rekodi za taarab ya Zanzibar mwishoni mwa miaka hiyo, na masikio ya nje yakaanza kuuliza kuna nini kingine kisiwani. Bi Kidude akaanza kusafiri na wanamuziki kama Mohamed Ilyas na kundi lake la Twinkling Stars. Mwaka 1998 kampuni ya RetroAfric, nayo ya London, ikatoa albamu yake, "Zanzibar", ndani yake ukiwemo "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo ambao nadhani hakuna Mzanzibari asiyeweza kuumalizia ukimwanzia.

Ukiangalia nyumbani wakati huohuo, mambo yalikuwa yanaelekea kwingine kabisa. Miaka ya 1990 ndiyo miaka ya mipasho. Kikundi cha East African Melody kilikuja na kinanda cha umeme na taarab ya kurusha roho. Dar es Salaam vikundi vya TOT na Muungano vilikuwa vikipigana vijembe, Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club, akiwa malkia. Ukumbi unajaa, watu wanainuka kwenda kutunza, wimbo mmoja unakwenda robo saa. Kwa soko hilo Bi Kidude alikuwa mtu wa zamani. Kwa soko la nje, uzamani huohuo ndio uliokuwa bidhaa. Mnunuzi wa Berlin au Tokyo hakutaka kinanda. Alitaka fidla, ngoma na sauti ya mtu aliyemwona Siti kwa macho yake.

Na hapo umri ukawa sehemu ya mauzo. Kila tangazo lilianza na miaka yake kabla ya kutaja wimbo hata mmoja. Watazamaji walikuja kumwona bibi wa miaka 90 au 100 anayevuta sigara na kupiga ngoma, na baadhi yao nina hakika wangeshangilia hata kama angekohoa tu. Bi Kidude alilijua hilo na alilitumia. Alikuwa mcheshi, alijua lini akatike, lini atoe neno la kuchekesha, lini amkazie macho mpiga picha. Lakini zisikilize rekodi bila kumwona. Namna anavyokawia nyuma ya mdundo kisha akaurukia, namna anavyolivunja neno katikati ili lichome, ni ufundi ambao mwenye miaka 30 angeringa nao.

Nilisema harusi za Ng'ambo hazikumsahau. Niongeze kwamba harusi zilikuwa na namna yake ya kulipa, na tofauti ya malipo hayo na ya jukwaa la nje inaeleza sehemu kubwa ya matatizo ya uzeeni mwake. Kwenye taarab na ngoma zetu fedha hutembea mkononi. Mwimbaji akigusa mtu, mtu huyo anainuka, anakwenda mpaka mbele akicheza taratibu, noti imeinuliwa juu ili kila mtu aione, anamtunza, anarudi kukaa. Malipo ni papo hapo, mbele ya mashahidi, na usiku ukiisha hesabu imefungwa. Jukwaa la nje linalipa kwa mkataba: kuna wakala, kuna meneja, kuna kampuni, kuna tiketi za ndege zinazokatwa kwanza, na mrabaha unaokuja baada ya miaka, kama utakuja. Mtu aliyeishi kwa kutunzwa, asiyesoma mikataba, hana namna ya kujua kilichobaki njiani.

Sheria nayo ilichelewa. Tanzania Bara ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1999, Zanzibar mwaka 2003, ndipo COSOTA na COSOZA, vyombo vya kusimamia hakimiliki, zikawepo. Hata zilipokuwepo, nyimbo nyingi alizoimba zilikuwa za asili au za Siti, hivyo haki ya utunzi haikuwa yake. Yake ilikuwa ni haki ya mwimbaji, na kwa msanii wa Ng'ambo hiyo ilikuwa ngumu kuidai kuliko kuimba hadi alfajiri. Alikuwa ameshazunguka Ulaya, nchi za Ghuba na Japani, akirudi anarudi kwenye maisha yaleyale ya kijumba cha Ng'ambo, na fedha kidogo alizopata ziligawanyika kwa majirani na ndugu, maana mtu aliyetoka Ulaya kwetu hawezi kusema hana. Sitaki kuwabebesha lawama walioshughulika naye. Wapo waliomhudumia kwa mapenzi, na bila wao tusingekuwa na rekodi hata moja. Ila mpangilio wenyewe ulimhitaji asafiri ili ale, na alikuwa mtu wa miaka mingi.

Nyumbani palianza kubadilika taratibu. Tamasha la filamu la ZIFF, kisha Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 Ngome Kongwe, yakampa jukwaa hapohapo Unguja, mbele ya watoto waliokuwa wakimjua kama bibi wa mtaa tu. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kilichofunguliwa mwaka 2002, kikawapa vijana pa kujifunzia taarab ya kale. Mwaka 2006 mtengeneza filamu Andy Jones alitoa filamu yake kuhusu Bi Kidude, "As Old as My Tongue". Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Kifaransa ya Buda Musique ukampa juzuu nzima, ya 4.

Unyago, ngoma ya faragha, kupandishwa kwenye jukwaa la wote, wanaume na wageni wakiwemo, halikuwa jambo dogo, na naelewa mama aliyenung'unika kwamba siri za mwari zinauzwa tiketi. Mimi nipo upande wa Bi Kidude hapa, kwa sababu moja: ngoma ilikuwa inakufa huko faraghani, na yeye alikuwa akiona.

Lakini kwangu kipande kitamu kuliko vyote cha ufufuo huu ni "Ahmada". Offside Trick, vijana wa Zanzibar wanaoimba muziki wa kizazi kipya, walimwita studio pamoja na mwimbaji Baby J. Hapo hapakuwa na wakala wa Ulaya anayetaka "asili". Palikuwa na kompyuta, mdundo wa kuchezea disko, na bibi anayeingia na sauti yake vilevile ilivyo, bila kuilainisha. Wimbo ukapigwa kwenye daladala, kwenye harusi, kwenye redio za Dar es Salaam. Watoto waliokuwa hawajui kabisa Siti ni nani wakawa wanaimba na Bi Kidude. Tuzo ya Newcastle ilimweka kwenye makabati ya wataalamu. "Ahmada" ilimrudisha mitaani, na kama kuna siku ya ufufuo wa kweli nitaichagua hiyo.

Mwaka 2012 mambo yalichacha. Afya ilikuwa imedhoofika, na mara kadhaa uvumi ulienea kwamba amefariki. Ndugu walimchukua wakae naye, wakasema ni mgonjwa na hawezi tena majukwaa. Upande wa pili wakasema anazuiwa kuimba na kutengwa na watu wake. Andy Jones aliigeuza vuta nikuvute hiyo kuwa filamu ya pili, "I Shot Bi Kidude", iliyotoka mwaka 2016. Sitaamua nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni kwamba mwanamke aliyekimbia nyumbani akiwa na miaka 13 ili asiamuliwe maisha yake, uzeeni alijikuta watu wanagombania tena nani ana kauli juu yake, na safari hii kulikuwa na jina lenye thamani. Mwaka huohuo wa 2012 Rais Jakaya Kikwete alimtunuku nishani ya sanaa na michezo.

Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013. Maziko yalifanyika Kitumba, Rais Kikwete akiwepo, na umati ambao hakuna tamasha lake lililowahi kuupata. Haikuchukua muda magazeti yakaanza kuuliza nani atarithi.

Swali hilo lilikuwa na majibu tayari. Mwimbaji wa taarab Rukiya Ramadhani alikuwa akiimba, Tausi, kikundi cha taarab cha wanawake pekee cha Mariam Hamdani, kilikuwa kimeshaanzishwa, na wasichana wa DCMA walikuwa wakishika fidla na kanuni ambazo bibi zao hawakuruhusiwa kuzigusa. Mwaka 2020 Siti Muharam, wa ukoo wa Siti binti Saad, alitoa albamu ya nyimbo za ukoo wake, "Siti of Unguja". Imepokelewa vizuri duniani. Kampuni iliyoitoa, On the Corner, ni ya London, kama ilivyokuwa RetroAfric mwaka 1998 na GlobeStyle kabla yake.